Ununuzi wa zana za kijeshi kwa wazabuni wawili

Ununuzi kwa wazabuni wawili ni utaratibu wa serikali kugawa zabuni ya zana ya aina moja kati ya kampuni mbili, ili kila moja ijue kuwa fungu lake linaweza kuhamia kwa mwenzake. Mfano maarufu ni wa Jeshi la Anga la Marekani, uliobandikwa jina la Vita Kuu ya Injini.

Ndege za kivita F-15 na F-16 zilianza kwa kutegemea injini ya F100 ya Pratt & Whitney. Ilikuwa na nguvu, lakini iliweza kukwama angani, na F-16 ina injini moja tu. Ukazuka mvutano kuhusu nani agharimie marekebisho, na jeshi halikuwa na duka jingine la kukimbilia. Ndipo zikatengwa fedha za kuendeleza injini ya General Electric, iliyozaliwa na ile ya ndege ya mabomu B-1, ambayo Rais Jimmy Carter alikuwa amefuta uundaji wake mwaka 1977. Februari 1984 matokeo ya ushindani wa kampuni hizo mbili yalitangazwa: kati ya injini 160 za mwaka wa fedha 1985, General Electric ilipewa 120 na Pratt & Whitney 40. Miaka iliyofuata mafungu yalishindaniwa upya. Faida iliyo wazi zaidi, pengine kuliko bei yenyewe, ilikuwa dhamana bora na injini imara kutoka kwa wote wawili.

Gharama nayo ipo: vipuri vya aina mbili na mafunzo ya mafundi mara mbili. Hata umbo la ndege lilibadilika. F-16 za matoleo 30, 40 na 50 hutumia injini ya General Electric; za 32, 42 na 52, ya Pratt & Whitney. Nyingi za kundi la kwanza zina mdomo mpana zaidi wa kuingizia hewa.

Watetezi wa injini ya pili ya ndege ya kivita F-35 walirejea hoja ya 1984. Tofauti ni kwamba safari hii sehemu ya kazi ya uundaji ilikuwa bado haijalipiwa. Waziri wa Ulinzi Robert Gates aliipinga, na mwaka 2011 mkataba ukavunjwa.

Kwenye manowari za Arleigh Burke hali ni nyingine. Jeshi la Wanamaji la Marekani linataka karakana za meli za Bath na Ingalls zote ziendelee kuwepo, hivyo kila moja ina hakika ya kupata kazi. Kwa hiyo liliwahi kuzishindanisha kwa faida: iliyotaja bei ya chini iliruhusiwa faida kubwa zaidi.