Walirudi Wakapigiwa Vigelegele

Sisi watu wa Songea hatuhitaji kufundishwa namna ya kuwaenzi mashujaa waliokufa. Kila Februari 27 mji wetu huwakumbuka wale ambao Wajerumani waliwanyonga mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji. Shujaa aliyekufa ana mnara, ana siku yake, ana hotuba ya mkuu wa mkoa. Lakini aliyepigana akarudi hai, tena na medali kifuani, huyo tulimpigia vigelegele siku moja na baada ya hapo hatukujua tena tumfanye nini. Nayasema haya kwa sababu nimelelewa na mmoja wao.

Baba aliingia Vita vya Kagera akiwa mgambo. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalikuwa yamevuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaua raia, yakaswaga ng'ombe na kulivunja Daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba mpaka wa Uganda sasa ni Mto Kagera. Mwalimu Nyerere akasema uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Jeshi likapanuliwa kwa miezi michache tu, maelfu ya mgambo wakaingizwa, na malori na mabasi ya mashirika yakachukuliwa kubeba watu na risasi. Baba alikuwa mkulima wa tumbaku. Kabla ya hapo safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Njombe.

Mambo ya vita vyenyewe aliyasimulia kwa urahisi, hata kwa mbwembwe. Wakati mwingine alisimulia hadi Lukaya, Machi 1979, pale Walibya waliokuja kumsaidia Amin walipoimiminia Brigedi ya 201 makombora ya Katyusha. Brigedi hiyo ilikuwa imejaa mgambo, na wengi wao hawakuwa wamewahi kusikia mlio wa namna ile. Walikimbilia kwenye mabwawa ya mafunjo. Brigedi ya 208 ikazunguka, ikawapiga Walibya kutoka nyuma, na mambo yakageuka. "Tulikimbia kama swala," Baba alikuwa akisema, na watu walicheka, kwa kuwa mwisho wake walikuwa wanaujua: Kampala ilianguka Aprili 11, na Nduli Amin akaenda zake Libya.

Hakuna hata mmoja wa wasikilizaji hao aliyemsikia akisimulia habari ya lori.

Mimi niliisikia nikiwa mtu mzima, na sikuisikia kwake bali kwa Mama. Walikuwa wakirudi nyuma kwa mapumziko, kwenye barabara ya Masaka. Baba alikuwa na homa kali ya malaria. Rafiki yake, kijana wa Masasi aliyekuwa amepangiwa kukaa mbele na dereva, akashuka akamwambia, "Kaa wewe, mimi upepo haunidhuru." Akapanda nyuma. Lori likaacha barabara, likapinduka. Waliokuwa mbele walitoka na majeraha, na yule wa Masasi alikuwa miongoni mwa waliofukiwa na masanduku ya risasi.

Msomaji anaweza kudhani hiki ni kisa cha pekee. Sivyo. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi walioingia Uganda pamoja na jeshi letu, wanataja askari 373 wa Tanzania waliokufa, na kati yao ni 96 tu waliokufa kwenye mapambano. Wengine wengi walikufa kwa ajali, nyingi zikiwa za magari. Kwa hiyo mtu aliyenusurika vita vile alikuwa na uwezekano mkubwa wa kuota barabara, breki na kona kuliko bunduki ya adui. Na raia wakisikia mtu kafa kwa ajali, wanauliza swali moja ambalo nimelisikia kwa masikio yangu: "Kwa hiyo hakufa vitani?" Jaribu kumjibu mtu wa namna hiyo huku umevaa medali ya Kagera.

Haya hayakuanza mwaka 1979. Mapema Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Ceylon, imebeba pamoja na wengine watu 996 wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, waliokuwa wakielekea vita vya Bama. Februari 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido, na kabla dakika tatu hazijatimia meli ilikuwa imezama. Walioweza kuogelea walibaki majini wakingoja kuokolewa. Nyambizi ikajificha chini yao, na manowari ya Kiingereza Petard, kwa kuogopa isije ikazamisha meli nyingine za msafara, ikadondosha mabomu ya majini palepale walipokuwa wakielea. Walikufa watu 1,297. Waliookolewa walikuwa 214.

Huwa nawafikiria wale wachache wa rejimenti hiyo waliorudi kwao. Mtu wa namna hiyo ameona wenzake wakiuawa na mabomu ya upande wake mwenyewe, kwa sababu ambayo hata yeye anaielewa. Anafika kijijini, na kijiji kinataka kujua kama amekuja na cherehani au baiskeli. Keya, yaani askari Mwafrika wa jeshi la Mwingereza, aliporudi alipimwa kwa mali aliyorudi nayo. Majina ya waliozama yamechongwa kwenye mnara katika makaburi ya vita ya Nairobi, lakini yule aliyeogelea hakuandikwa popote.

Na sisi baada ya Kagera tulikuwa na la kwetu. Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi 18, na miezi hiyo ikapita bila mkanda kulegea. Sabuni ikawa ya kupanga foleni, mafuta ya taa na sukari vilevile. Askari waliokuwa wakishangiliwa barabarani wakaanza kutajwa kwa redio na saa walizokuja nazo kutoka Uganda, wawe walikuja nazo au hawakuja nazo. Kwenye klabu ya pombe Baba alikuwa akinunuliwa ulanzi ili aseme ameua wangapi, na aliponyamaza walimnunulia tena, wakidhani idadi ni kubwa mno. Siku nyingine walimwambia, "Mungu alikuwa na kusudi nawe." Mama anasema neno hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote, kwani alirudi nyumbani akiuliza yule wa Masasi Mungu alimnyima nini.

Nadhani ninajua tulipokosea, na sisemi kuwa ulikuwa ukatili. Msiba wetu una kazi nyingi, na mojawapo ni ya kueleza. Aliyekuwa na marehemu dakika za mwisho hukaa mbele ya wafiwa akasimulia: aliamkaje, alikula nini, alisema nini, nani alimshika. Akishamaliza, analia na wenzake, na mzigo ule unakuwa wa ukoo mzima. Askari wa Kagera wamelazwa Kaboya, wilayani Muleba, katika makaburi mazuri yenye mnara mweupe na majina yao. Serikali ilifanya jambo la heshima. Lakini kutoka Kaboya hadi Masasi ni nchi nzima unaikata, na barua ya jeshi haisimulii. Matanga yalikaliwa bila mwili na bila msimulizi, naye msimulizi alikuwa Songea ananyweshwa ulanzi.

Mwaka 1983, baada ya kuuza tumbaku, Baba alipanda lori la mizigo kupitia Tunduru. Wanaoijua barabara ile ya enzi zile hawahitaji maelezo, na wasioijua wafikirie mchanga, simba na siku mbili za kusukuma. Mama wa rafiki yake alimkaribisha, akamwandalia maji ya kuoga, akamlisha, kisha akamwambia, "Haya baba, nieleze." Akaeleza lori na homa na kile kiti. Yule mama hakumwambia kwamba si kosa lake, wala hakumlaumu. Aliuliza kama mwanawe alikuwa amekula siku hiyo. Alikuwa amekula, wali na maharage. Akauliza nani alimfumba macho. Asubuhi akamwonyesha upande wa paa uliokuwa unavuja, akasema nyumba ile haina tena mwanamume wa kupanda juu.

Baba alikaa mpaka nyasi zikatosha. Toka hapo kila mwaka baada ya mauzo alikwenda Masasi, akirudi na korosho nusu gunia. Medali ilikuwa ndani ya kopo la Africafé pamoja na stakabadhi za chama cha ushirika, na sikumbuki kumwona ameivaa. Mtaani kwetu walishasema: yule mzee ana nyumba ndogo Masasi, na walijua mpaka idadi ya watoto. Mama alikuwa akiulizwa kisimani, na alikuwa akijibu kwamba wanaume ndivyo walivyo. Habari ya nyumba ndogo, aliniambia, walau iliwafanya waache kuuliza habari za vita.