Divai Iliyotoroka: Tarehe ya Amarone

Kaskazini ya mji wa Verona, Italia, kuna vilima viitwavyo Valpolicella, ambako zabibu zimekuwa zikikaushwa kabla ya kukamuliwa tangu kale. Cassiodorus, waziri wa wafalme wa Wagothi waliotawala Italia karne ya 6, aliandika barua ya kuagiza divai ya huko kwa ajili ya meza ya mfalme, akaeleza jinsi vichala vilivyochaguliwa wakati wa mavuno, vikatundikwa ndani ya nyumba hadi Desemba. Waziri wa dola nzima, na bado alikuwa na muda wa kuandika habari za vichala! Divai hiyo ilikuwa tamu, na kwa karne nyingi utamu ndio uliokuwa fahari ya vilima hivyo. Mrithi wa divai hiyo ni Recioto, nayo ni tamu.

Kwa karne nyingi kazi yenyewe haikubadilika sana. Kijadi, vichala vya zabibu za aina ya Corvina, Corvinone na Rondinella hupangwa safu moja juu ya vichanja vya matete, darini, penye madirisha ya kupitisha upepo. Havilaliani, kwani tunda moja likishika ukungu jirani zake hawaponi, na lililoharibika lazima litolewe mapema. Hukaa hapo siku 100 hadi 120, vikipoteza kama theluthi ya uzito wake, wakati mwingine zaidi. Maji yanakwenda, sukari inabaki. Vinapokamuliwa ni kipupwe kikali. Hamira hufanya kazi polepole, na mara nyingi huishiwa nguvu sukari ikingalipo. Hapo ndipo Recioto hupatikana.

Ila yako mapipa ambayo hamira yake haikuchoka. Yaliendelea kuchachuka mpaka utamu wote ukageuka kilevi, na wenyeji wakasema Recioto imetoroka. Kwa mwenye ghala, hiyo ilikuwa hasara. Husimuliwa kwamba mwaka 1936, katika ushirika wa wakulima wa Negrar, mtunza ghala Adelino Lucchese alionja pipa lililosahauliwa, akakuta divai nzito isiyo na sukari, yenye uchungu kwa mbali, akaipenda. Wauzaji wanaipenda simulizi hii kupita kiasi. Mapipa hayakuanza kusahauliwa mwaka ule. Lililokuwa jipya ni kuthubutu kuitia divai hiyo chupani na kuipa jina: Amarone.

Miaka ya 1950 ikaanza kuuzwa sokoni kama bidhaa ya kawaida. Mwaka 1968 serikali iliipa Valpolicella hadhi ya DOC, yaani jina la asili linalolindwa kisheria, ikapanua mipaka kuvuka vilima vya asili, na Amarone ikaandikwa kama aina tu ya Recioto. Hadhi ya juu kabisa, DOCG, ilikuja mwaka 2010: kilevi kisipungue asilimia 14, na divai ikomae angalau miaka 2 kabla ya kuuzwa. Giuseppe Quintarelli wa Negrar, aliyefariki mwaka 2012, aliona muda huo ni mchache mno. Yake ilikaa miaka mingi katika mapipa makubwa ya mwaloni, na lebo zake zilionekana kama zimeandikwa kwa mkono.

Bei nzuri ilileta tamaa. Mahali pengi vichanja vikapisha makreti ya plastiki na mapangaboi, mizabibu ikateremka hadi tambarare, ikabidi kuwekwe kikomo cha sehemu ya mavuno inayoruhusiwa kukaushwa. Hata makapi hayatupwi: divai nyepesi ya Valpolicella humiminwa juu yake ichachuke tena, ikauzwa kwa jina la Ripasso. Recioto, iliyozaa ukoo wote huu, sasa hutengenezwa kidogo tu, na wengi huinywa mwisho wa mlo, pamoja na keki.