Mwepu Ilunga na kicheko cha miaka hamsini

Juzi, tukitoka misa hapa Kirungu, kijana mmoja wa sekondari alinisogezea simu yake. "Papa, ona huyu!" Alikuwa ameshaanza kucheka. Nilijua ni nini kabla sijavaa miwani: Wabrazili wameweka mpira wa adhabu, Rivelino yuko tayari, refa anapuliza filimbi, na beki wa Zaire anachomoka ukutani na kuubutua mpira mbali kabla Mbrazili yeyote hajaugusa. Refa Nicolae Rainea wa Rumania anatoa kadi ya njano. Wabrazili wanashangaa.

Ilikuwa tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi. Beki yule ni Mwepu Ilunga. Watangazaji wa Ulaya waliliona tukio lile kuwa ujinga wa Mwafrika asiyejua sheria za mpira, na kwa miaka mingi televisheni zao zimelirudia kama kichekesho.

Sasa tumwangalie huyo anayeitwa mjinga. Mwepu alichezea TP Mazembe ya Lubumbashi, klabu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968 ikiitwa Englebert. Siku zile Lubumbashi na Kirungu tulikuwa mkoa mmoja, Shaba, kwa hiyo alikuwa mchezaji wetu. Mwezi Machi mwaka huohuo wa 1974 alikuwa na Leopards, timu ya taifa ya Zaire, walioifunga Zambia 2-0 jijini Cairo katika fainali iliyorudiwa, wakachukua Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwenzake Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale, rekodi ambayo hakuna aliyeivunja. Wachezaji wa namna hiyo hawajui kwamba mpira wa adhabu hupigwa na timu iliyofanyiwa madhambi? Hata watoto wanaocheza pekupeku huku kwetu wanajua.

Ambacho kamera haikuonyesha ni kambi. Zaire ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, na Rais Mobutu alikuwa amewapa wachezaji nyumba na magari. Mechi ya kwanza walifungwa na Scotland 2-0, wala hawakucheza vibaya. Kisha wakagundua kwamba marupurupu yao yamepotelea mikononi mwa wakubwa waliofuatana na timu. Wakataka kugoma. Wakashawishiwa, wakaingia uwanjani kukutana na Yugoslavia mioyo ikiwa imekufa, na wakatoka na mabao 9 kwa sifuri. Kocha wao, Blagoje Vidinić, mwenyewe alitoka Yugoslavia, na minong'ono ikafuata palepale. Alimtoa kipa Kazadi baada ya bao la tatu.

Katika mechi ile refa alimtoa Ndaye kwa kadi nyekundu kwa kosa la kumpiga teke yeye refa. Mwepu alikiri baadaye kwamba aliyepiga ni yeye. Refa alishindwa kuwatofautisha, akamfukuza asiyehusika, na jambo hilo halikuchekesha watu wa televisheni hata kidogo. Huyo ndiye mjinga ninayemtafuta mimi.

Kabla ya mechi na Brazil, wachezaji wamesimulia, walinzi wa Mobutu walikuja hotelini na ujumbe: mkifungwa zaidi ya mabao matatu, msirudi nyumbani. Brazil nayo ilihitaji ushindi wa mabao matatu ili iipite Scotland. Matokeo yakawa 3-0. Scotland ikarudi kwao bila kupoteza mechi.

Miaka mingi baadaye Mwepu aliulizwa hatimaye. Alisema sheria aliijua vizuri sana. Alitaka atolewe nje, kwa sababu hakuona kwa nini aendelee kuumia huku wengine wakila pesa. Mara nyingine alieleza hofu ile ya bao la nne na haja ya kupoteza muda. Wapo wanaosema maelezo mawili ni dalili ya uongo. Mimi naona mtu anaweza kuwa na hasira na woga katika dakika moja.

Ndaye naye hakuachwa na makosa ya wengine. Mwaka 1998, Kombe la Mataifa likichezwa Burkina Faso, habari zilisambaa kwamba amekufa, na watu wakasimama kimya dakika moja kumkumbuka. Alikuwa hai, Afrika Kusini. Alifariki kweli Januari 2019.

Nilimweleza kijana haya yote, simu ikiwa mkononi mwake. Akauliza kama Mwepu bado yuko. Nikamwambia alifariki Kinshasa Mei 2015, mwaka uleule Katanga, yaani Shaba ya zamani, ilipogawanywa na sisi tukawa mkoa wa Tanganyika. Magazeti ya nje yaliandika habari za kifo chake, na mengi yalianza na mpira ule wa adhabu.

Kijana akairudisha video mwanzo. Safari hii akawa anamtazama refa.