Jiwe la Zlatna na Majina Yake

Karibu na Zlatna, mji wa Transylvania, dhahabu ilichimbwa tangu enzi za Warumi; hata jina la mji latokana na neno la Kislavi lenye maana ya dhahabu. Nchi hiyo, ambayo leo ni sehemu ya Romania, mwaka 1782 ilikuwa chini ya utawala wa Austria, naye mkaguzi wa machimbo yake aliitwa Franz-Joseph Müller.

Katika mawe ya dhahabu mlikuwa na madini meupe yenye kung'aa, yasiyojulikana. Mtaalamu mmoja alisema ni antimoni, ile iliyosagwa tangu kale kuwa wanja. Müller mwenyewe kwanza aliyadhania bismuthi, lakini dhana haikumtosha. Kwa muda wa miaka mitatu aliyajaribu kwa moto na kwa tindikali, zaidi ya mara hamsini. Yalipochomwa yalitoa moshi wenye harufu ya figili. Yalipotiwa katika tindikali ya salfa, tindikali iligeuka nyekundu, na ilipoongezwa maji, unga mweusi ulitua chini. Antimoni haina tabia hiyo.

Yakaitwa kwa Kilatini *metallum problematicum*, yaani metali yenye mashaka: jina la unyofu, kwa maoni yangu, kuliko majina mengi ya wataalamu.

Mwaka 1798 Martin Heinrich Klaproth wa Berlin alithibitisha kuwa ni elementi mpya, akaiita *tellurium*, kutokana na *tellus*, ardhi. Hakujitwalia sifa, alitamka wazi kwamba aliyeivumbua ni Müller.