Shule zetu zilijengwa na nani? Historia ya umbali, mfuko wa mzazi na mabati



Kila tunapofika kijijini kwa kazi ya chama, hapa Fizi, wazee wanatuuliza jambo moja: "Mutatujengea masomo lini?" Swali hilo ni la haki. Lakini sisi tunaotembea vijijini tunaona kwamba kabla ya kulijibu inafaa kujua kwanza hizi shule tulizo nazo zilijengwa na nani, juu ya nini ziliwekwa pale zilipo, na nani amekuwa akizilipia. Historia hiyo inagusa moja kwa moja pesa ambazo chama kitagawa.

Shule ilikaa misioni

Mwaka 1883 Mapadri Weupe walifungua kituo Kibanga, kandokando ya ziwa Tanganyika. Baadaye, mwaka 1906, serikali ya mfalme Léopold II ilifanya mapatano na Vatikani: misioni zipewe ardhi, nazo zifundishe watoto. Kwa njia hiyo Leta ilipata shule bila kuzijenga yenyewe. Tangu miaka ya 1920 Wabeleji walitoa pesa za kusaidia shule, lakini kwa misioni za Kibeleji tu, yaani karibu zote za Kikatoliki. Waprotestanti, ambao kwetu ni wengi, walingoja mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili.

Umbali nao ulipangwa tangu wakati ule. Kijijini mtoto alisoma miaka ya kwanza tu, mara nyingi kwenye kanisa la nyasi. Akitaka kuendelea, ilimbidi aende misioni, alale internati au kwa ndugu. Mzazi ambaye hakuwa na ndugu pale misioni, mtoto wake aliishia hapo. Wasichana ndio waliokatwa kwanza, maana nani angemtuma binti wa miaka kumi alale mbali hivyo?

Mwaka 1954 waziri wa makoloni Auguste Buisseret alianzisha shule za Leta zisizo za kanisa kwa watoto Waafrika, lakini ilikuwa kuchelewa. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliokuwa wamemaliza universiti hawakufika 30 katika inchi nzima.

Leta ilichukua, kisha ikarudisha

Vita ya 1964 ilipofika Fizi na Baraka, watu walikimbilia milimani na shule zikafungwa. Amani ilirudi polepole, kwa vipande. Mwisho wa mwaka 1974 Mobutu alinyang'anya makanisa shule zao, zikawa zote za Leta. Miaka miwili ikapita, na mwezi wa pili 1977 Leta ikasaini mapatano ya kuzirudisha chini ya uongozi wa makanisa. Ndiyo maana mpaka leo tunasema "konvensione" Katoliki, Protestanti, Kimbangu na Islamu. Zote ni shule za Leta, lakini anayeziongoza ni kanisa au jumuiya ya dini. Wafadhili wengi wanachanganyikiwa hapo: wanafikiri shule yenye msalaba juu ya mlango ni shule ya kulipia ya padri. Hapana. Mwalimu wake anapaswa kulipwa na Leta sawa na wa shule nyingine.

Anapaswa. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, madeni yakapanda, na mshahara wa mwalimu ukawa kitu cha kuchekesha. Mwanzo wa miaka ya 1990 walimu waligoma, watoto wakakaa nyumbani. Hapo ndipo wazazi na viongozi wa shule, kanisa Katoliki likiwa mbele, walikubaliana kwamba mzazi atoe kitu kidogo kwa mwalimu ili darasa lifunguliwe. Wakaita "primu". Ilisemwa ni ya muda tu. Ilidumu zaidi ya miaka 25.

Tena ile primu haikubaki yote kwa mwalimu. Sehemu ilipanda kwa direksio ya shule, sehemu kwa ofisi za juu, sehemu kwa uongozi wa konvensione. Mama aliyeuza samaki Baraka alilisha mwalimu, na kidogo alilisha ofisi pia. Asipolipa, mtoto alirudishwa nyumbani katikati ya mwezi. Basi, tukisema "shule ya Leta", tukumbuke kwamba kwa miaka mingi Leta yenyewe ilikuwa ni mzazi.

Kambini, na kurudi

Wengi wenu munajua sehemu hii kuliko sisi. Vita ya 1996 iliwavusha ziwa mpaka Kigoma, na kutoka hapo Lugufu na Nyarugusu. Kule watoto waliendelea na programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Shule ya msingi haikuwa na minervali, na ilikuwa ndani ya kambi, kwa hiyo mtoto wa miaka sita alifika mwenyewe.

Kuanzia mwezi wa kumi 2005 meli zilianza kuwarudisha watu. Mwaka 2009 Lugufu ilifungwa. Waliorudi walikuta kuta bila paa, mabanko yamechomwa kuwa kuni, na primu inawangoja mlangoni. Wazazi walifanya salongo, wakafyatua matofali na kuyachoma, wakapandisha kuta. Mashirika yakaleta simenti na mabati, yale tunaita manjanja. Shule nyingi tunazozionyesha leo zilitoka kwenye mikono hiyo miwili.

Lakini angalieni zimesimama wapi. Nyingi ziko kandokando ya barabara ya taifa namba 5, kwa sababu hapo ndipo lori la simenti lilifika. Aliyechagua mahali alikuwa lori. Mtoto wa juu mlimani, au wa ng'ambo ya mto, alibaki na umbali uleule wa babu yake.

Bure, lakini na watu 100 darasani

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za Leta ni ya lazima na ya bure. Maneno hayo yalingoja mpaka mwezi wa tisa 2019, serikali ya Félix Tshisekedi ilipoyatekeleza inchi nzima. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 kusaidia mpango huo.

Faida tumeiona kwa macho. Watoto waliokuwa wanachunga mbuzi wamerudi. Ila bure inaondoa malipo, haijengi darasa. Kuna madarasa yenye watoto zaidi ya 100. Na wako walimu tunaowaita NP, maana yake wasiolipwa: wanafundisha, lakini majina yao hayajaingia kwenye orodha ya malipo ya Leta. Zamani primu iliwashika mkono. Leo haipo, na kuirudisha kwa mlango wa nyuma ni kuvunja sheria. Tena sekondari bado inalipiwa, kwa hiyo kilio cha mzazi kimesogea tu toka darasa la sita kwenda mbele.

Njia haikuwahi kuwa na bajeti

Katika historia hii yote, misioni ilikuwa na pesa ya kanisa, Leta ilikuwa na pesa ya mshahara hata kama ni kidogo, na wafadhili walileta pesa ya majengo. Njia ya mtoto haikuwa na pesa ya mtu yeyote. Bus ya wanafunzi tunaiona kwenye shule za kulipia za Kinshasa na Lubumbashi. Kwetu bus ni miguu, na penye maji ni mtumbwi. Mvua ikijaza Mutambala, darasa linapungua. Mama anamzuia mdogo nyumbani mpaka akomae, kisha anaanza darasa la kwanza na miaka tisa. Mara nyingi kinachoitwa kukosa darasa ni kukosa daraja.

Kwa hiyo, ndugu, kabla mkutano mkuu haujagawa mabati, tunaomba maswali manne yajibiwe kwa kila kijiji.

Moja: mtoto mdogo kuliko wote atatembea muda gani? Pengine madarasa mawili ya kwanza karibu na nyumba yanafaa kuliko sita ya kati. Tunajua huo ulikuwa mpango wa misioni. Tofauti iwe kwamba safari hii wakubwa nao watengenezewe njia, hata daraja la miti imara.

Mbili: shule ina karatasi ya Leta ya kuitambua, na walimu wake wako kwenye orodha ya malipo? Jengo zuri lenye walimu NP litabaki tupu miaka mitatu mbele.

Tatu: maji yatafika? Mafuriko ya 2020 kule Uvira, na kupanda kwa ziwa mwaka 2024, yametuonyesha kwamba kiwanja cha bure kando ya maji kinaweza kugeuka kuwa ghali.

Ine: nani atatengeneza paa likipasuka? Katika shule ya msingi hatuwezi tena kukata pesa kwa mzazi. Komite ya wazazi inaweza kupanga siku za salongo, na shamba la shule ambalo mavuno yake yanunue misumari na chaki.

Kwa marafiki wafadhili: tengeni fungu la njia na la matengenezo, hata kama halitatoa picha nzuri ya kufungua jengo. Na kwa wanachama: mukija mkutanoni, kila tawi lilete jibu la kitu kimoja rahisi. Ulizeni watoto wanatoka nyumbani saa ngapi asubuhi, na wanavuka nini. Tutaanzia hapo.