Jicho Mbele ya Hakimu: Jeraha, Tiba na Fomu ya P3 Kisumu

Kijana aliyepigwa jiwe la jicho Kondele, au mvuvi wa Dunga aliyenaswa na ndoano ya mbuta katika ugomvi wa nyavu, huingia hospitalini akiwa mgonjwa na papo hapo akiwa ushahidi. Daktari humwona mgonjwa. Hakimu, miezi kadhaa baadaye, atautafuta ushahidi, na mara nyingi ataukuta ndani ya fomu ya P3 tu, yaani ripoti ya daktari kwa polisi. Kwa jeraha la jicho, nadai, fomu hiyo huandikwa kwa kuchelewa kuhusu jambo moja na kwa haraka mno kuhusu jingine.

Linalocheleweshwa ni kiwango cha kuona. Kupima hakuhitaji zaidi ya ubao wa herufi na mita 6 za korido. Asiyeona herufi ahesabu vidole, akishindwa aulizwe kama anaona mwanga. Pimeni macho yote mawili, kabla ya dawa na bendeji. Jicho lililoingiwa na saruji au asidi ya betri huoshwa kwanza, na hilo halina mjadala. Kipimo kisichochukuliwa siku ya kwanza hakipatikani tena, na hapo ndipo wakili wa mshtakiwa atakaposimama kusema kwamba jicho lile lilikuwa bovu tangu zamani.

Matibabu yenyewe hayasubiri namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza kumnyima mtu tiba ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inatishia hospitali inayokaidi kwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Hata hivyo, wapo majeruhi wanaopitia kituo cha polisi kwanza huku jicho likivuja.

Linaloharakishwa ni daraja la jeraha. Kanuni ya Adhabu hutenganisha madhara ya kawaida, madhara makubwa na kulemaza, yaani kuharibu au kudhoofisha kwa kudumu kiungo au hisi. Tofauti si ya maneno: kifungu cha 251, cha shambulio lenye madhara, kina kikomo cha miaka 5; cha 234, cha madhara makubwa, kinafika kifungo cha maisha. Sasa jicho hupotosha. Damu iliyojaa mbele ya mboni hutisha ndugu, kisha huenda ikanywea yenyewe ndani ya siku chache. Kichembe cha chuma kilichoruka kwenye patasi huacha alama ndogo tu kwenye konea, kisha usaha ukalipofua jicho. Na mara chache, wiki au hata miaka baadaye, jicho la pili, lisilojeruhiwa, nalo huvimba kwa huruma ya mwenzake. Anayeandika “madhara ya kawaida” siku ya pili anatabiri. Aandike kwamba daraja ni la muda, ataje tarehe ya kupima upya, na mwendesha mashtaka akumbuke kwamba kifungu cha 214 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai kinaruhusu kurekebisha shtaka kabla hajafunga kesi yake.

Kuna kichekesho kichungu hapa. Kwa Shirika la Afya Duniani, aliyebaki na jicho moja zima si kipofu, kwa kuwa upofu hupimwa kwa jicho lililo bora. Kwa Kanuni ya Adhabu, huyo huyo amelemazwa.

Tiba nayo hula ushahidi. Ndoano ina kijino. Daktari huisukuma mbele, akakikata, akaitoa vipande vipande. Vipande hivyo visiishie kwenye ndoo ya taka. Vipigwe picha pamoja na rula, vitiwe kwenye chupa yenye jina na tarehe, na askari mpelelezi atie sahihi anapovipokea.

Kuhusu wanaojifanya vipofu ili mwenzao afungwe, fomu haina nafasi, ila daktari ana kioo. Funika jicho zima, kishike kioo kikubwa mbele ya lile linalodaiwa kupofuka, kigeuze polepole kushoto na kulia. Jicho linaloona litakifuata, mwenyewe atake asitake.