Glavu Zilizokula Rangi: Stori ya Wafanyakazi Wasio na Majina

Wadau, leo tuwaache mastaa wapumzike. Turudi mwaka 1939, Marekani, kwenye kiwanda kimoja cha kusindika ngozi za wanyama. Wafanyakazi, wakiwemo Wamarekani weusi, walianza kutoka mabaka meupe mikononi. Hawakuungua, wala hawakujipaka kitu.

Madaktari wakachunguza weee, kumbe mchawi ni glavu za mpira walizovaa kazini! Zilikuwa na kemikali ya kuzuia mpira usizeeke haraka, inaitwa monobenzoni.

Sasa ilifanyaje? Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi zimekaa seli zinazoitwa melanosaiti. Hizo ndizo zinatengeneza rangi na kuzigawia seli jirani. Na usidhani mweusi anazo nyingi kuliko mzungu. Idadi inakaribiana, tofauti ni kiasi na aina ya rangi zinayotengeneza. Monobenzoni haizipunguzii kazi, inaziua kabisa.

Bahati nzuri mwili una akiba. Kwenye mashina ya vinyweleo zimejificha seli changa, na zile za juu zikifa, hizi hupanda kuziba pengo. Ndiyo maana rangi ikianza kurudi kwenye baka, mara nyingi unaona vidoti kuzunguka vinyweleo. Baadhi ya wale wafanyakazi walipoachana na glavu, rangi ilirudi taratibu. Ila pasipo na vinyweleo, kama ncha za vidole, kurudi ni shughuli pevu. Na akiba ikiisha, ndo basi tena.

Ungedhani dunia ingeogopa. Wapi! Watu wakaona hela. Kemikali ileile ikaingizwa kwenye krimu za kung'arisha ngozi, baadaye ndugu yake, haidrokwinoni, akashika soko. Nyuso za watu ziliharibika mpaka Afrika Kusini ikaipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990. Lakini leo bado mtu ananunua mkorogo kwenye kopo lisilo na lebo, hajui ndani kuna nini.

Majina ya wale wafanyakazi hatuyajui. Wao walikuwa wanatafuta mkate wa watoto, hawakujua glavu zinawafanya nini. Sisi tunajua, na bado tunatoa hela yetu mfukoni.

Haya, nani hapa aliwahi kutumia mkorogo akaacha? Ngozi ilirudi? Funguka, kuna mtu anahitaji kusoma comment yako.